Tyubu Moja, Nyumba Nzima

Kwenye nyumba moja ninayoifahamu huko Chamazi, Dar es Salaam, juu ya friji, kuna kopo la siagi lililogeuzwa sanduku la dawa. Ndani mna panadol, plasta, wembe, na tyubu ya dawa ya kupaka iliyokunjwa kutoka mkiani kama dawa ya meno inayokaribia kuisha. Ilinunuliwa kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili mwenye pumu ya ngozi, anayejikuna vikunjo vya viwiko usiku kucha hadi shuka linapata damu. Miezi mitatu baadaye tyubu hiyo ilikuwa na wateja wanne. Mjomba wa mtoto, dereva wa bodaboda, alipaka mapajani kwenye fangasi. Mama mdogo alipaka usoni kabla ya kulala, atoe madoa ya chunusi. Bibi alipaka popote palipomwasha siku hiyo. Na mtoto mwenyewe, mwenye dawa, ndiye aliyepakwa kidogo kuliko wote: leo tone, kesho hapana, keshokutwa tena, kwa sababu jirani alimwambia mama yake, "Shoga, hiyo dawa inakula ngozi, mwonee huruma mwanao."

Jirani hakusema uongo. Krimu ya steroidi ikitumiwa ovyo huifanya ngozi iwe nyembamba. Ila onyo lake lilimfikia asiyelihitaji. Wa kuonywa walikuwa mjomba na mama mdogo. Na si Chamazi tu. Ukizunguka Mbagala, Tandika, Tandale, Tegeta mpaka Bunju utaikuta hali hiyo hiyo: woga wa dawa hii upo, lakini umemkalia mtoto anayeihitaji na kuwaacha watu wazima wanaojipaka bila sababu.

Tuanze na dawa yenyewe. Steroidi hizi si zile za wanyanyua vyuma. Mwili hutengeneza homoni ya jamii hii, kotisoli, kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Mwaka 1950 Edward Kendall na Philip Hench wa Marekani, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni za tezi hizo. Mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten wa New York wakatoa taarifa kwamba haidrokotisoni ikipakwa kwenye ngozi inatuliza ukurutu, jamii ya magonjwa ambayo pumu ya ngozi ni mojawapo. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipakwa lami inayotokana na makaa ya mawe. Ilisaidia, lakini iliharibu nguo na ilinuka.

Kazi ya dawa hii ni kutuliza. Ngozi yenye mzio ni kama mtaa uliopigiwa kelele za mwizi usiku: kila mtu katoka na rungu, giza limetanda, na anayeumia ni mwenye nyumba. Steroidi huwarudisha watu ndani. Uvimbe unashuka, muwasho unakatika, mgonjwa analala. Lakini haiui fangasi, haiui bakteria, haiui vijidudu vya upele. Kwa hiyo kama mwizi alikuwapo kweli, umewaondoa walinzi na yeye kabaki anajichagulia vyumba. Hilo ndilo lililomkuta mjomba. Nitarudi kwake.

Soma tyubu kabla ya kuifungua

Maandishi makubwa kwenye tyubu ni jina la biashara, na kampuni inaweza kuliita dawa yake jina lolote. Jina la dawa yenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo chini yake. Hilo ndilo la kulitafuta, hata kama itabidi umwite kijana wa nyumbani mwenye macho mazuri. Ukiona hydrocortisone 1%, hiyo ni steroidi nyepesi. Ukiona betamethasone valerate 0.1%, mometasone furoate 0.1% au betamethasone dipropionate 0.05%, hizo ni kali. Ukiona clobetasol propionate 0.05%, umeshika iliyo kali kuliko zote zinazopakwa.

Hapo kwenye asilimia ndipo wengi wanapoteleza. Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la duka la dawa Mbagala, jioni, foleni ya watu watano. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akamwambia muuzaji, "Dokta, hiyo ya moja kali sana kwa mtoto, nipe hii ya sifuri nukta sifuri tano." (Kwenye maduka yetu ya dawa kila aliye nyuma ya kioo ni dokta, awe muuguzi, mfamasia au mpwa wa mwenye duka.) Muuzaji akampa. Mama yule alidhani amekwepa moto, kumbe ameuingia. Asilimia inakueleza kiasi cha dawa kilichomo ndani ya krimu. Haikuelezi ukali wa dawa hiyo. Clobetasol ya 0.05% inaweza kufikia nguvu ya haidrokotisoni mara 600. Zile kali, kama betamethasone, huizidi haidrokotisoni kati ya mara 50 na 100. Ni kama pilipili: kijiko kizima cha pilipili hoho hakikufanyi kitu, robo ya pilipili mbuzi inakutoa machozi.

Halafu kuna tyubu zinazopendwa sana Dar es Salaam, zenye dawa tatu kwa pamoja: steroidi kali, ya fangasi kama clotrimazole, na ya bakteria kama gentamicin au neomycin. Muuzaji anazipenda kwa sababu hahitaji kujua mgonjwa anaumwa nini. Mojawapo itapatia. Mimi naziita dawa za kupiga ramli. Mtoto mwenye pumu ya ngozi tu hana haja ya dawa ya bakteria, na mwenye fangasi hana haja ya steroidi kali kwa wiki nzima na zaidi. Neomycin yenyewe ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kuwaletea watu mzio wa ngozi, kwa hiyo unaweza kupaka dawa ya muwasho ukaongeza muwasho. Daktari aliyekukagua akikuandikia, sawa, ana sababu yake. Dirishani, bila kuvua hata shati, ikatae.

Tofautisha pia krimu na malhamu. Krimu ni nyeupe, ina maji, inanyonywa upesi na inafaa ngozi inayotoa majimaji au sehemu zenye nywele kidogo. Malhamu inang'aa kama mafuta ya mgando na inafaa ngozi iliyokauka na kupasuka. Dawa ile ile ikiwa kwenye malhamu kwa kawaida hupenya zaidi.

Vipele si jina la ugonjwa

Kabla ya kuuliza upake kiasi gani, uliza unapaka nini. Pumu ya ngozi huanza mara nyingi utotoni. Kwa mtoto mchanga hukaa mashavuni na kichwani, akikua huhamia kwenye vikunjo vya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Ngozi ni kavu, inakwaruza, na kwenye ukoo mara nyingi yupo mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Inakuja na kuondoka. Vitabu vingi vya kigeni vinasema ngozi inakuwa nyekundu, na mama wa Kiafrika anatafuta wekundu hauoni, anadhani hakuna ugonjwa. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe huonekana kama rangi ya zambarau, kijivu, au weusi uliozidi ule wa pembeni. Wakati mwingine hauonekani kabisa ila unaupapasa: vinundu vidogo vidogo vilivyojaa kama vya kuku aliyenyonyolewa. Kwenye ugonjwa wa aina hii ndipo mahali pa steroidi.

Mjomba wa bodaboda hakuwa na pumu ya ngozi. Alikuwa na choa ya mapajani: baka la mduara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pakiwa kama pamepona, linalopanuka polepole. Jinzi nzito, jasho, kiti cha pikipiki kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Fangasi hahitaji zaidi ya hapo. Alipopaka tyubu ya mtoto, siku ya pili muwasho ulikata. Alifurahi. Ukingo ukafifia, magamba yakaisha, na chini yake fangasi akatanuka bila kelele hadi makalioni na tumboni. Akiacha siku tatu muwasho unarudi kwa hasira, anapaka tena. Madaktari wa ngozi wana jina la hali hiyo, fangasi aliyejificha, kwa sababu hata wao humkosa wakitazama kwa macho tu. Inabidi wakwangue ngozi na kuangalia kwenye hadubini. Choa ya kawaida hutibiwa kwa clotrimazole ya 1% peke yake, au malhamu ya Whitfield, ambayo ni ya bei ndogo na imetumika kwa zaidi ya miaka mia. Unapaka hadi kidogo nje ya ukingo, na unaendelea wiki mbili hivi baada ya kuona pamepona. Mapunye ya kichwani kwa watoto hayaponi kwa kupaka. Yanahitaji vidonge, maana fangasi yuko ndani ya shina la unywele.

Upele nao unadanganya. Dalili yake kubwa ni muwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, na zaidi ya mtu mmoja ndani ya nyumba wakijikuna. Kwenye chumba kimoja cha kupanga wanakolala watano, mmoja akiupata subiri wengine. Steroidi itawanyamazisha kwa muda huku vijidudu vikizaliana. Dawa yake ni BBE (benzyl benzoate) au permethrin, wanapakwa wote siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna, na shuka zinafuliwa siku hiyo hiyo na kuanikwa juani.

Usipake steroidi kwenye chunusi, wala kwenye mkanda wa jeshi, yaani malengelenge yenye maumivu makali yaliyojipanga upande mmoja wa mwili. Huo ni ugonjwa wa virusi na dawa yake huleta faida kubwa ikianza ndani ya siku tatu. Harara za mtoto za mwezi Januari zinataka upepo, maji ya baridi na nguo nyepesi ya pamba. Baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba mwenyewe hasikii, usilipake chochote: lipeleke hospitali wakachunguze ukoma, ambao bado upo Tanzania, unapona, na matibabu yake ni bure. Na mtu mzima mwenye vipele vya kuwasha mikononi na miguuni visivyokoma kwa miezi, pamoja na kupakwa kila kitu, akapime VVU. Nasema hivyo bila kumhukumu mtu. Ngozi mara nyingi huwa ya kwanza kutoa taarifa.

Kidole cha mama

Sasa mtoto wa Chamazi. Alikuwa na haki ya kupakwa, na kwa kupakwa nusunusu alikaa miezi mitatu akijikuna, jambo ambalo kwa ngozi ni baya kuliko dawa yenyewe. Ngozi inayokunwa inakuwa nene na nyeusi, inachanika, bakteria wanaingia, na mtoto asiyelala usiku mchana kutwa ni kulia.

Mwaka 1991 madaktari wawili wa Cardiff, Long na Finlay, walipendekeza kipimo kisichohitaji mizani. Bonyeza tyubu ya kawaida, dawa itoke mstari mmoja kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kikunjo cha kwanza cha kidole hicho. Mstari huo ni kama nusu gramu, na unatosha kupaka eneo la ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kidole kiwe cha mtu mzima, hata kama anayepakwa ni mtoto. Mabaka ya mtoto wetu, ukiyaunganisha ya viwiko vyote viwili, yanaenea kiganja kimoja cha mama yake. Anahitaji nusu ya mstari kwa siku. Tone la ukubwa wa punje ya mchele alilokuwa akipakwa lilikuwa kama kumimina kikombe cha maji kwenye moto wa takataka.

Hesabu hiyo inakusaidia pia kuisoma tyubu. Tyubu ndogo ya gramu 15 ina mistari 30, kwa hiyo ingemtosha mtoto huyu siku 60 za kupaka, na siku za kupaka si siku zote. Ikiisha ndani ya wiki mbili, ujue kuna mtu mwingine anaitumia. Mtu mzima mwenye ukurutu miguu yote miwili kuanzia mapajani hadi nyayoni anahitaji mistari 16 kwa mara moja, gramu 8. Tyubu ile ile haimalizi siku mbili. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa katyubu kadogo na kuambiwa "paka mwezi mzima," amepewa dawa isiyomtosha hata kidogo.

Mara moja kwa siku inatosha kwa walio wengi. Mara mbili ni mwisho, kuzidisha hakuongezi uponyaji. Wakati mzuri ni baada ya kuoga jioni, ngozi ikiwa imefutwa kwa kugusagusa taulo, bado ina unyevu kidogo. Paka dawa kwenye mabaka peke yake, laini, kufuata malaika yanavyolala, usisugue. Ngoja kama nusu saa, ndipo upake mafuta ya mgando yasiyo na manukato mwili mzima. Ukianza na mafuta, ukafuatisha dawa papo hapo, unaisambaza dawa mahali isikotakiwa na kuipunguza nguvu inakotakiwa. Mafuta yenyewe hayana likizo: yanapakwa siku zote, asubuhi na jioni, ugonjwa uwepo usiwepo. Kwa pumu ya ngozi mafuta ni chakula, steroidi ni dawa.

Upake siku ngapi? Mpaka ngozi iwe laini ukipitisha kidole na mtoto aache kujikuna, na kwa kawaida hiyo ni wiki moja hadi mbili kwenye mwili. Usoni ni siku chache tu, na kwa dawa nyepesi. Hapa pana mtego wa ngozi nyeusi. Baka likipona huacha doa, lililopauka au jeusi, linaloweza kukaa miezi. Wazazi wanaliona doa, wanadhani ugonjwa bado upo, wanaendelea kupaka. Wengine wanalipaka doa jeusi kusudi liondoke. Tumia kidole, usitumie jicho. Pakiwa laini na hapawashi, acha dawa, endelea na mafuta. Rangi itarudi yenyewe polepole. Kwa watoto ambao ugonjwa unarudi kila baada ya siku chache pale pale, daktari anaweza kupanga kupaka siku mbili tu za wiki kwenye maeneo hayo, kama kinga. Mpango huo uwe wa daktari.

Ikiwa umepaka haidrokotisoni sawasawa kwa wiki moja hakuna nafuu, usipande ngazi kwenda kwenye kali zaidi kwa uamuzi wako. Ama dawa haitoshi, ama si ugonjwa wake. Clobetasol haipakwi zaidi ya wiki mbili mfululizo wala zaidi ya gramu 50 kwa wiki, na maelekezo yake nchini Marekani hayashauri itumiwe kwa mtoto aliye chini ya miaka 12. Mjamzito naye asiitumie bila daktari. Nyepesi haina tatizo kwake kwa kiasi cha kawaida.

Ngozi haina unene mmoja

Mwaka 1967 Robert Feldmann na Howard Maibach wa Marekani walipaka haidrokotisoni sehemu mbalimbali za mwili, wakapima kiasi kilichoingia ndani. Wakichukua ngozi ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, kuwa ni moja, paji la uso lilinyonya mara 6, taya mara 13, na korodani mara 42. Unyayo ulinyonya kama sehemu moja ya saba. Ndiyo maana daktari huyo huyo anaweza kukuandikia dawa kali ya nyayo na nyepesi ya uso kwa siku moja, nawe ukadhani amejichanganya.

Kwapa, chini ya matiti na mapajani ngozi inagusana na ngozi, pana joto na jasho, dawa inaingia kama imefunikwa. Michirizi ikitokea hapo haiondoki. Pampasi nazo ni kifuniko: dawa kali ndani ya pampasi kwa mtoto mchanga inaweza kuingia kwenye damu kiasi cha kuzilaza tezi zake za juu ya figo na kuchelewesha ukuaji wake. Kwenye kope za macho, matumizi ya muda mrefu yanaweza kuleta presha ya macho au mtoto wa jicho. Mahali hapo asikuguse mtu kwa tyubu ya juu ya friji.

Na hili linatufikisha kwa mama mdogo. Kilichomvutia hakikuwa kupona chunusi, kilikuwa kung'aa. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kuzipunguzia kazi seli zinazotengeneza rangi. Weupe huo unajulikana kiasi kwamba mwaka 1962 watafiti McKenzie na Stoughton waliufanya kipimo: dawa ikipakwa mkononi, jinsi ngozi inavyopauka ndivyo nguvu yake inavyokadiriwa, na viwanda vinatumia njia hiyo mpaka leo. Watengeneza mkorogo, yaani krimu za kujichubua, waliligundua hilo bila maabara. Kikopo kisicho na lebo kinachouzwa Kariakoo na kwenye vibanda vya saluni mara nyingi ndani yake mna clobetasol iliyokorogwa na losheni, wakati mwingine na haidrokwinoni. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, haidrokwinoni na zebaki, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, wakati dawa zenyewe zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Marufuku ipo miaka mingi. Mkorogo pia upo.

Wiki za kwanza uso unang'aa na sifa zinamiminika. Baada ya miezi zinakuja chunusi ndogondogo zinazofanana, nywele mashavuni, ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa, na jua la saa nne tu linachoma. Akiacha, uso unavimba, unawaka moto na kuwasha, kwa hiyo anarudia, kamba imekaza. Aliyefika hapo asijione mjinga na asijifiche. Aende kwa daktari wa ngozi akiwa na kikopo chake, apangiwe namna ya kushuka. Aliyejipaka mwili mzima kwa miezi mingi ana hatari ya ziada akikatisha ghafla: mwili umezoea kupewa homoni, tezi zimelala. Kizunguzungu, kutapika, kuishiwa nguvu na presha kushuka baada ya kuacha ni mambo ya hospitali siku hiyo hiyo, na kule lazima useme ulikuwa unapaka nini. Daktari hawezi kubahatisha jambo usilomwambia.

Nje ya tyubu kuna mengi yanayoamua kama mtoto atalala. Visima vingi vya Dar es Salaam vinatoa maji ya chumvi. Kama ndiyo ya kuogea, mwogeshe upesi na mmwagie ya bomba au ya mvua mwishoni. Sabuni ya mche ni ya nguo. Dodoki liwekwe kando, na ile tabia ya kutia dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni la mtoto iachwe: inakausha ngozi ambayo tayari ni kavu. Suuza nguo zake mara ya pili, kata kucha kila wiki. Jasho linamwasha, hivyo mfute kwa kitambaa chenye maji kabla halijakauka. Kwenye joto la kiangazi paka mafuta safu nyembamba, usimfunike kama andazi.

Ukiona ngozi inatoa usaha au imefanya maganda ya rangi ya asali, kama mtoto ana homa, au vimetokea ghafla vilengelenge vidogo vinavyofanana juu ya pumu ya ngozi, usisubiri Jumatatu. Kwa yasiyo ya haraka, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Rufaa ya Temeke ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, ya Kinondoni ni Mwananyamala, na Muhimbili wapo mabingwa wa ngozi. Wengi wa wataalamu wa ngozi utakaokutana nao wamepitia Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, kinachofundisha madaktari na matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Tabibu wa ngozi aliyetoka huko, hata akiwa amekaa kwenye chumba kidogo cha hospitali ya wilaya, anaijua ngozi yako kuliko dirisha lolote la duka la dawa.

Siku ya kwenda, usipake chochote kwenye baka tangu jana yake, si dawa wala mafuta, ili kama wakitaka kukwangua waone kilichopo. Beba tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha, na kile kikopo kisicho na lebo pia.